Jinsi ya Kupiga Picha Mji Uliomezwa na Mchanga

Tafuta kwanza mwenzako mwenye mgongo mzima na subira nyingi. Kamera kubwa ya mvukuto, ile ambayo mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi, haina safari nyepesi. Kuna stendi ya miguu mitatu, lenzi, kipima mwanga, na vibebeo vya filamu ambavyo kila kimoja kina vipande viwili tu vya inchi 4 kwa 5. Ukibeba vibebeo 10, una picha 20. Mwenye simu huzimaliza hizo kabla hajashuka garini.

Kisha nenda Kolmanskop, jangwani kusini mwa Namibia, kilomita kama 10 kutoka bandari ya Lüderitz. Mwaka 1908 Zacharias Lewala, kibarua wa reli, aliokota almasi akizoa mchanga uliofunika njia ya treni. Akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch akatajirika, Lewala hakupewa kitu. Wajerumani wakajenga hospitali, kiwanda cha barafu na ukumbi wa kuchezea boling, na maji ya kunywa yakawa yanaletwa kwa meli kutoka Cape Town. Almasi nono zaidi zilipopatikana kusini, karibu na mto Orange, watu wakaanza kufungasha. Wa mwisho waliondoka 1956. Mchanga ukaingia bila kubisha hodi.

Omba kibali cha wapigapicha ili uingie alfajiri. Mchana upepo huamka, mvukuto huushika, na picha ya sekunde kadhaa hutikisika yote. Halafu kuna nyayo. Mchanga wa usiku hauna alama. Ukikatiza katikati ya chumba kwenda kuchungulia dirisha, umeharibu picha yako na ya atakayekuja nyuma yako. Simama mlangoni, chagua mahali, ndipo utembee ukiambaa ukuta.

Sasa jifunike kitambaa. Kwenye kioo chenye ukungu utaona chumba kimepinduka, mchanga uko juu na dari iko chini. Usihangaike kugeuza kichwa. Baada ya muda utaupenda mpinduko huo, maana jicho huacha kukimbilia vitu linavyovijua na kuanza kuona mistari na uzito wa vivuli. Tazama mlango: mchanga umeubana hadi nusu, haufunguki wala haufungiki, na juu yake rangi ya ukutani imebanduka vipande vipande huku ukanda wa maua uliochorwa kwa mkono wa fundi ukiwa bado unasomeka. Mlango huo usimame wima katika picha. Usiielekeze kamera juu. Pandisha lenzi peke yake, kioo cha nyuma kibaki wima. Ukitaka mchanga wa miguuni pako na mlango wa mbali vyote vikolee, inamisha lenzi mbele kidogo na ubane tundu lake hadi f/32.

Dirishani mwanga ni mkali, pembeni ni giza. Pima giza unalotaka lionekane na ulipe muda wake. Dirisha utalituliza wakati wa kusafisha filamu, kwa kupunguza muda wa dawa. Kipima mwanga kikisema sekunde 10, filamu nyingi hudai zaidi ya hapo. Fuata karatasi ya mtengenezaji.

Kuhusu vumbi, usiwe na huruma. Kila kibebeo na mfuko wake, na kifutwe kwa brashi laini kabla ya kuchomekwa. Punje moja juu ya filamu ni doa jeusi kwenye chapa.

Bakiza vibebeo viwili. Karibu kila mgeni wa Kolmanskop hupiga vyumba vya wakubwa, nami naona hapo pana deni. Almasi zilichimbwa na mamia ya vibarua wa mkataba, wengi wao Waovambo kutoka kaskazini, ambao hawakulala ndani ya kuta hizo za rangi. Na pale pale Lüderitz ipo Shark Island, ambako Wajerumani waliwafungia Waherero na Wanama kati ya 1905 na 1907, maelfu wakafa. Ni miaka ileile waliyokuwa wakizima vita vya Maji Maji huku kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo toka nje ya mji, panga stendi kando ya reli upande wa kituo cha Grasplatz jua likiwa bado chini, na upige mchanga pale ulipoifunika njia. Katika maelezo ya picha, jina la Zacharias Lewala liandikwe kamili, tena kabla ya lile la Stauch.