YAH: Ombi la Gati la Tabora, Kina cha Mita 14.5

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Hongereni kwa tope na mchanga mlioutoa Dar es Salaam: mradi ulioanza 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulilenga kuyapa magati namba 1 hadi 7 kina cha mita 14.5, ili meli kubwa zitie nanga kwa raha. Kwa ari hiyo hiyo, naomba gati la Tabora. Tupo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu ya maana huja kwa bomba kutoka Ziwa Viktoria, lakini kasoro ndogo kama hizo hazimshindi aliyezoea kuchimba.

Kabla hamjacheka, itazameni Bagamoyo. Maji yake ni haba. Yakipwa, vyombo hukaa mchangani. Hata hivyo karne ya 19 pembe za ndovu kutoka bara zilimiminika hapo, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na njia, na njia hiyo ilikuwa na Tabora, ambako misafara ya Ujiji ilikutana na ile ya Karagwe na Buganda. Kina cha bandari ile kilikuwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Mjerumani naye (simsifu, reli yake ilikuwa ya kunyonya) aliifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na kwa reli hiyo akapitisha meli nzima, Graf von Goetzen, ikiwa vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000. Ikaelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915; leo tunaiita Liemba. Kwake yeye gati la pwani, reli na meli ya ziwani vilikuwa hesabu moja.

Mtajibu kwamba reli si yenu, ni ya Shirika la Reli. Sawa, lakini bandari ya Kigoma ni yenu, na shehena ya Kongo haisomi nembo za mashirika. Mtasema malori yapo. Basi tupige hesabu: meli ikishusha makontena 2,000 ya futi 40, hayo ni malori 2,000, na yote yanatafuta geti kwa wakati mmoja. Meli ndogo ilikuwa ikituletea msongamano kwa vijiko. Kubwa inaumwaga kwa sufuria. Kuongeza kina peke yake ni kupanua koo na kuuacha utumbo ulivyo. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba reli mpya ya SGR inakuja, na ni kweli: mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Ila mchanga wa Dar es Salaam ulianza kuchotwa kwa mpango wa 2017. Miaka hiyo mitano katikati, kina kilikuwa kikimngoja nani?

Kama bajeti ya gati haitoshi, tuleteeni walau rubani mmoja na tagi moja. Pa kuifunga pasiwape shida. Miembe ya njia ya misafara bado ipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mdau wa bahari, Tabora