Prosesa Yenye Homa

Bwana mmoja kaisukuma prosesa yake kupita kasi ya kiwandani, sasa kazi yake ni kuipima homa. Programu moja inasoma nyuzi 78, nyingine 58. Yeye, bila shaka, kaiamini ya 58. Na kapatia, bahati ya mtende: ni Ryzen 7 1800X ya mwaka 2017, ambayo AMD waliijumlishia kipimo nyuzi 20 makusudi, ili feni za prosesa zote zifuate kanuni moja. Basi kavimba kichwa. Jana programu ikampa nyuzi 19, chumba kikiwa na 31, naye katuma picha kwa wenzake akijisifu. Feni gani hiyo, bwana, inayopoza kuliko hewa inayoivuta?