Madarasa Kumi ya Mbegu, Kuanzia Mkiani: Nipingeni Mkiweza

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha sita wenye alama nzuri za baiolojia hujazana kwenye mlango mmoja, wa udaktari. Mlango wa jirani, wa ugunduzi wa mbegu mpya, uko wazi na foleni yake ni fupi. Leo naupigia debe.

Nimepanga madarasa kumi duniani kwa kigezo kimoja tu: ni wapi mtu anajifunza kuchagua? Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo. Unachavusha mimea miwili, unapata watoto maelfu, unatupa karibu wote na kubaki na wachache. Unarudia hivyo msimu baada ya msimu, kwa kawaida miaka minane hadi kumi na miwili, mpaka mkulima apate mfuko wa mbegu wenye jina. Anayejua kutupa ndiye anayeijua kazi. Maprofesa watanuna, lakini twende.

10. Svalbard, Norwei

Hapa hakuna mwalimu, hakuna mwanafunzi, hakuna hata chai ya saa nne. Ni handaki ndani ya mlima, huko kaskazini kabisa, lililofunguliwa Februari 2008. Sampuli zaidi ya milioni 1.2 za mbegu zimelala humo kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Limeingia kwenye orodha kwa sababu ya Aleppo. Vita vya Syria vilipowazuia watafiti wa ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, kuifikia benki yao ya mbegu huko, mwaka 2015 walikwenda Svalbard kuchukua nakala walizokuwa wameziweka akiba. Wakazipanda upya Lebanoni na Morocco, kisha wakarudisha nyingine handakini. Hukumu: kwa akiba, nambari moja. Kwa darasa, mkiani.

9. Queensland, Australia

Mtafiti Lee Hickey na wenzake wanaiwashia ngano taa saa 22 kwa siku na kupata hadi vizazi sita kwa mwaka. Ngano inalala saa mbili tu, kama mzazi wa mapacha. Mbinu ni tamu na inaokoa miaka. Ila chumba chenye taa hakina ukame, hakina viwavi, wala mbuzi wa jirani. Hukumu: kasi ya ajabu, mtihani bado uko nje.

8. Wageningen, Uholanzi

Najua, waliosoma huko wameshaanza kukunja mikono ya mashati. Tulieni. Chuo ni kizuri mno, na Uholanzi, pamoja na udogo wake, inauza mbegu za mboga dunia nzima. Mwanafunzi akimaliza anakuta kampuni za mbegu ziko karibu naye. Lakini mtazameni Simon Groot, mtoto wa ukoo wa wauza mbegu. Alipotaka kumpatia mkulima mdogo wa Asia mbegu bora ya mboga, alikwenda Ufilipino na kuanzisha kampuni ya East-West Seed mwaka 1982. Tuzo ya Chakula Duniani ikamfuata mwaka 2019. Hukumu: soma, kisha ondoka kama Groot.

7. Marekani yote, kwa pamoja

Cornell, Iowa State, Purdue, Davis, Wisconsin: kila moja ingestahili orodha yake, na kila moja itasema hivyo yenyewe. Purdue ndiko aliko Gebisa Ejeta wa Ethiopia, aliyetupatia mtama unaohimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Davis nao nawapa alama za ziada, kwa sababu Desemba 2013 walishirikiana na wengine kufungua akademia Nairobi kwa watafiti wa Afrika ambao tayari wako kazini. Somo kuu ni mazao yaliyosahauliwa na wakubwa, mbuyu ukiwemo. Hukumu: kinachoshusha alama ni bei, na viza.

6. Simu yako

Usicheke. Iowa State, Makerere, KNUST ya Ghana na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal waliandaa masomo ya mtandaoni ya fani hii kwa ajili ya Afrika, na yanasomwa bure. Hifadhidata ya Cassavabase inakuonyesha matokeo ya majaribio ya muhogo kutoka vituo vya Afrika. R, programu ya takwimu inayotumiwa na watafiti wa dunia nzima, nayo haiuzwi. Kwa bando la wiki unaanza. Hukumu: bure kabisa, ila simu haichavushi.

5. Arusha

Hapa ndipo ugomvi utakapoanza, maana nimeiweka Arusha juu ya Wageningen, na sibanduki. World Vegetable Center, yenye makao makuu Taiwan, imekuwa na kituo Arusha tangu miaka ya 1990. Benki yake ya mbegu imejaa mboga za kwetu: mnavu, mchicha, mgagani, ngogwe. Mnavu ule anaouchuma bibi nyuma ya nyumba una namba yake kwenye chumba cha baridi. Nyanya ya Tengeru 97 jina lake limetoka jirani hapohapo. Waholanzi wa kampuni ya mbegu ya Rijk Zwaan nao wamefungua kituo cha kuchagua mboga hukuhuku. Hukumu: ukiona Mholanzi amekufuata kwenu, ujue kwenu kuna kitu.

4. Obregón na Toluca, Meksiko

Norman Borlaug, mwanamieleka wa zamani kutoka Iowa, alifika Meksiko mwaka 1944 na haraka zake. Akaanza kupanda ngano msimu wa baridi Obregón, karibu na usawa wa bahari, akivuna anazikimbiza mbegu milimani Toluca kuzipanda tena. Mkubwa wake alimkatalia. Wataalamu wa wakati ule walishikilia kuwa mbegu lazima ipumzike baada ya kuvunwa. Borlaug hakuipumzisha. Akapata vizazi viwili kwa mwaka, na zawadi ambayo hakuiomba: ngano iliyochaguliwa sehemu mbili zenye urefu tofauti wa mchana haikujali tena urefu wa mchana. Ndiyo maana ilipopelekwa India na Pakistan ilikubali. Nobeli ya Amani ikaja mwaka 1970. CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, bado hufundisha watafiti wa ngano hukohuko. Hukumu: shule ya watu wabishi, na mbegu inawapenda wabishi.

3. Amani, Tanga

Umeshangaa? Vizuri. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, mtafiti H. H. Storey na wenzake walikabiliana na batobato, ugonjwa wa muhogo unaosambazwa na nzi weupe. Waliuchavusha muhogo kwa chavua ya ndugu yake wa porini, mti uliokuwa ukipandwa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Watoto wa kwanza walihimili ugonjwa, lakini mizizi yao haikuwa chakula cha kumwekea mgeni. Ikabidi wawarudishe kwa muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, wakitupa na kutupa. Uzao huo ulipelekwa Nigeria, na baadaye taasisi ya utafiti ya IITA, Ibadan, ikaujengea aina zake zilizoenea Afrika nzima.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Lagos unayekula gari na eba, vyakula vya muhogo, sahani yako ina deni huku Muheza, iliko Amani. Hukumu: utafiti wa kilimo ulihamishwa Muguga, Kenya, miaka mingi iliyopita, lakini hakuna darasa lililofundisha subira kuliko hili.

2. Njoro, Kenya

Ngano za dunia huja hapa kufanya mtihani, na nyingi hufeli. Mwaka 1998 kuvu wa kutu ya shina wa aina mpya alionekana Uganda. Akaitwa Ug99, na akavunja kinga ambayo ngano nyingi duniani zilikuwa zikiitegemea. Mwaka 2005 Borlaug yuleyule, sasa ana miaka 91, alikuja Nairobi kupiga mbiu ya mgambo. Tangu hapo KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, hapa Njoro, pamoja na CIMMYT hupanda maelfu ya ngano kutoka nchi nyingi, misimu miwili kwa mwaka, na kuziacha zishambuliwe kwa makusudi. Mgeni mwenye shahada tatu na kijana wa Egerton, chuo kilicho Njoro hapohapo, wanainamia mstari mmoja na kuhesabu madoa yaleyale. Hukumu: kutu haisomi wasifu wa mtu. Hii ingekuwa ya kwanza kama ingetoa shahada.

1. Pietermaritzburg, Legon na Makerere

Watatu kwenye kiti kimoja, na kelele zenu nazisikia. Zamani mtafiti wetu alikwenda Ulaya au Marekani, akaandika tasnifu juu ya zao la huko, na wengi hawakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha ACCI, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kiligeuza mpango: miaka miwili darasani Pietermaritzburg, kisha mitatu shambani nchini kwako, kwenye zao la kwenu na ugonjwa wa kwenu. Kituo cha WACCI cha Ghana kikafuata mwaka 2007 pale Legon. Mwanzilishi wake, Eric Danquah, alipata Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2022. Makerere nayo ina kituo chake cha kanda, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Mhitimu wa hapa anapovaa joho, vitalu vyake viko tayari nyumbani, na wakulima wa jirani wameshaonja alichokipanda. Hukumu: medali ya dhahabu, na rufaa haikubaliwi.

Wenye hasira kwamba nimeiacha SUA ya Morogoro, Kitale ya Kenya au Yangambi ya Kongo, mna haki. Pangeni orodha yenu na muitetee. Na wewe mzazi, mtoto akikuambia anataka kusomea mbegu, usimrudishe kwenye foleni ya udaktari. Mlipie ada, kisha mpe kipande cha shamba aanze kuchavusha wikiendi hii.