Nimelipia Mateso Yangu Mwenyewe

Jirani, kuna watu Mungu amewapa pesa akasahau kuwapa la kufanya nazo. Mmoja wao ni shemeji yangu, kaka yake Mama Kevo, yule anayekaa Marekani. Akija likizo lazima aje na wazo. Kuna mwaka alikuja na sungura. Tukafuga sungura. Sungura wakazaana, wakamaliza sukuma wiki ya boma zima, na mnunuzi hajaonekana hadi leo. Safari hii alikuja na Himalaya.

“Shem, twende Nepal,” akaniambia. “Tutembee hadi Everest Base Camp.”

Mimi nilikuwa natafuna mahindi choma. Nikasema sawa. Mwenye pesa akisema twende, unamuuliza ya nini? Nilidhani Nepal ni pale karibu na Dubai. Nilishaanza kupiga hesabu ya televisheni nitakayorudi nayo.

Akatoa simu akaanza kunifundisha. Unapanda ndege hadi Kathmandu. Hapo unahamia kindege kidogo hadi mahali panaitwa Lukla. Barabara ya ndege ya Lukla ina urefu wa mita 527 tu, upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta wa mlima. Rubani hana nafasi ya kubadilisha mawazo. Ukishuka salama unaanza kutembea, zaidi ya wiki nzima, mzigo umebebwa na wapagazi na ng'ombe fulani wenye manyoya wanaoitwa yaki, mpaka ufike mita 5,364 juu ya bahari.

“Tukifika hapo tunapanda Everest?”

“Hapana, shem. Everest ni mita 8,849. Sisi tunaishia chini yake. Tunapiga picha, tunarudi.”

Yaani nauli yote hiyo, jirani, ni ya kwenda chini ya mlima! Na hiyo chini yao imeshinda juu yetu. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, ni mita 5,199. Pale Wanepali wanapowaambia wageni wapige hema wapumzike, sisi huku mlima umetuishia.

Nikaanza kujitetea. Nikasema magoti. Nikasema umri. Mama Kevo akadakia kutoka jikoni, “Baba Kevo, mwalimu mstaafu James Kagambi alifika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62. Mkenya. Wewe ukipanda ghorofa ya pili Nakuru unaomba kiti.”

Unaona mtu ninayeishi naye? Nikamkumbusha kwamba mlima ule hauna mchezo. Mei 2024 Mkenya mwenzetu, Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, alikwenda kujaribu bila oksijeni ya kubeba. Yeye na kiongozi wake, Nawang Sherpa, hawakurudi. Hapo hata mimi mdomo wangu unafunga. Tulikaa kimya kidogo, kisha shemeji akasema neno lililobadilisha kila kitu.

“Kila mtu atajilipia nauli.”

Uzalendo ukanishika pale pale. Nikasimama. Nikamuuliza kwa nini tuwapelekee Wanepali pesa na Mlima Kenya upo hapa? Si usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipeleka bendera yetu huko juu? Nilisema maneno mazito mpaka nikaogopa nitaombwa kugombea udiwani. Shemeji akakubali. Nikaona nimemshinda. Kumbe nimejichimbia kaburi kwa jembe langu mwenyewe.

Mazoezi sikufanya. Ya nini? Mimi ni mtu wa Njoro. Njoro yenyewe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Wanafunzi wa kutoka Mombasa wakija chuo kikuu cha Egerton hufunga skafu hadi siku ya kuhitimu, na sisi tunawapita tukiwa na shati. Nikaamua mazoezi ni ya watu wa pwani.

Shemeji akaniletea orodha ya vitu. Fulana ya kukausha jasho. Suruali isiyoingiza maji. Glavu za ndani, glavu za nje. Taa ya kufunga kichwani. Fimbo mbili za kutembelea. Mbili! Babu yangu alizeeka akafa na moja, na ilikuwa ya kuchapia mbuzi.

Nikashuka Nakuru kwa wauza mitumba. Huko ndiko nilipookota jaketi moja nyekundu, nene, ya wale watu wa kuteleza kwenye theluji. Kwenye zipu bado ilikuwa na kitiketi cha plastiki cha mlima fulani wa Uswisi. Ile jaketi ilikuwa imepanda milima kuliko ukoo wetu wote tangu Adamu. Muuzaji aliona jinsi ninavyoitazama akapandisha bei hapo hapo. Nikalipa. Pesa ya mbolea ikaenda.

Tukapanda matatu. Nakuru, Nyahururu, Nanyuki. Nyahururu iko kwenye ikweta. Nanyuki iko kwenye ikweta. Sasa mimi shuleni niliambiwa ikweta ni joto, na nikapata alama kwa kusema hivyo. Tulipovuka Nanyuki kuelekea Timau na kufika lango la Sirimon, mita 2,650, meno yalishaanza kugongana. Mwalimu huyo nikimpata tutaongea.

Langoni nikakabidhiwa kwa kiongozi wa msafara, kijana mwembamba, mpole, anayeongea kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya. Sheria yake ilikuwa moja: pole pole. “Mzee, mlima hauna haraka. Ukienda mbio unaugua.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sina mbio.

Halafu nikaona wapagazi. Jirani, wapagazi! Kijana mmoja alichukua begi langu, akaweka juu ya begi lake, akaongeza mtungi wa gesi, akashika trei ya mayai mkononi. Akaondoka. Mimi nilikuwa nimebeba chupa ya maji na njugu. Baada ya muda mfupi nikamwona kule mbele, anapanda huku anaongea na simu, anacheka, anamwambia mtu habari za harusi. Mimi sikuweza hata kuitika salamu. Nilikuwa napumua kama gurudumu la matatu lililoingiwa na msumari. Tulipofika kambi ya Old Moses, mita 3,300, alikuwa amenawa uso, amekaa, anakula bisi. Yai hata moja halikupata ufa.

Fikiria hilo kidogo. Mimi nimelipa. Yeye analipwa. Na anayefurahia ni yeye.

Kesho yake wakatupeleka kwenye bonde refu linaloitwa Mackinder, jina la Mwingereza aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Ndiye aliyevipa vilele majina ya wakubwa wa Wamaasai. Batian ni laibon Mbatian, kiongozi wao wa kiroho. Nelion ni ndugu yake. Lenana ni mwanawe. Nikamuuliza kiongozi sisi tunapanda kipi. Akasema Batian na Nelion ni vya wenye kamba na ujuzi wa kuparamia miamba. Sisi wa kutembea kwa miguu tunapewa Lenana, mita 4,985. Yaani tunapewa mtoto. Nikafurahi. Mtoto atanishinda?

Bonde lile lina mimea ya ajabu. Kuna mti mmoja mrefu, kichwa chake majani ya kijani, lakini majani yaliyokufa hayaanguki. Yanabaki yameshikilia shina, yamelifunika lote, ndilo blanketi lake la usiku. Kuna lobelia ambayo jua likizama inakunja majani inafunika moyo wake, asubuhi inafungua. Mmea, jirani! Hauna shemeji wa kuuletea orodha na bado umevaa vizuri kunishinda.

Tukafika Shipton's, mita 4,200. Eric Shipton alikuwa kijana wa mashamba ya hapa Kenya. Mwaka 1929 yeye na Wyn Harris wakawa wa kwanza kufika kilele cha Nelion, kisha akaenda zake Himalaya akawa mtu mkubwa. Yeye alianzia hapa akaishia Himalaya. Mimi nilianzia Himalaya nikaishia kitandani kwenye kambi yenye jina lake, kichwa kinagonga, tumbo halitaki chakula, na usingizi umekataa kupanda huko juu.

Wakaniletea chai. Inachemka, mapovu haya hapa. Nikaipuliza kwa heshima, nikanywa, haichomi kama ya nyumbani! Nikalalamika. Kiongozi akanieleza kwamba huko juu hewa imekuwa nyepesi, maji yanachemka kwenye digrii 86 hivi, hayafiki mia. Ukipika maharagwe huko utazeeka unangoja. Nikaweka chapati chini nitafakari jambo hilo. Kugeuka, pimbi amekaa, mnene, shingo hana, ananiangalia machoni huku anatafuna. Chapati yangu. Hakukimbia. Wataalamu wanasema pimbi ni jamaa wa ndovu, na kwa kiburi kile nimeamini.

Shemeji akanipa vidonge vya Diamox, eti vinasaidia mwili kuzoea. Hakuniambia vinasaidia kwa njia ya choo. Usiku kucha nikawa mtu wa kufungua mlango. Vidole vinawasha, nje maji yameganda kwenye beseni, nimevaa taa kichwani natafuta njia. Kila nikirudi ndani nikipata joto kidogo, naitwa tena.

Saa nane za usiku wakatuamsha. Nani anaamsha mtu aliyelipa saa nane za usiku? Eti tuone jua likichomoza. Njoro jua linachomoza kila siku, bure, na ukichelewa linakungoja.

Tukaanza kupanda kokoto. Unaweka mguu juu, kokoto zinakurudisha chini. Na huko hewa unayovuta imebakia na karibu nusu ya nguvu ya ile ya pwani. Wale wanafunzi wa skafu nikawakumbuka kwa upendo. Akatokea nyanya mmoja mzungu, nywele nyeupe tupu, fimbo mbili, tik, tik, tik. Akanipita. Akanigeukia akasema, “Pole pole.” Kwa Kiswahili! Nikakaa kwenye jiwe. Nikatangaza nimefika.

Kiongozi akachuchumaa karibu nami ili anitie moyo. Akanihadithia Felice Benuzzi, Mwitaliano, mfungwa wa vita kwenye kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Mwaka 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka ili waje kupanda mlima huu tu. Vifaa walijitengenezea kwa siri. Ramani hawakuwa nayo ya maana, wakatumia hadi picha ya mlima iliyokuwa kwenye kopo la nyama. Chakula kikapungua, mmoja akaugua, wawili wakafika Lenana wakasimika bendera yao.

“Halafu wakatoroka wakaenda wapi?”

“Hawakwenda popote, mzee. Walirudi kambini wenyewe, wakafungiwa.”

Nikamtazama. Huyu anaona ananitia moyo? Watu watatu wameonja huu mlima, wakaonja na jela, wakachagua jela!

Lakini baridi ya kukaa ilikuwa mbaya kuliko ya kutembea, kwa hivyo nikainuka. Karibu na kilele kuna ngazi ya vyuma na waya wa kushikilia. Nilishikilia ule waya kwa imani zote nilizowahi kusikia. Na ghafla mlima ukaisha. Jua hilo hapo. Batian na Nelion, baba na baba mdogo, wamesimama ng'ambo wanatuangalia. Wakanionyesha barafu ya Lewis, ile iliyotangazwa kwenye vitabu vya jiografia. Imebaki kipande chafu ubavuni, inayeyuka mwaka baada ya mwaka. Hata barafu imeamua kuondoka, mimi nalipa kuja.

Yule kijana wa mayai, ambaye alikuwa amepanda kutusindikiza, akanipiga picha. Nikarudi chini. Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Aliyesema hivyo hakufika Lenana. Kupanda ndiko kulikuwa ngoma. Kushuka kulikuwa disko matanga. Magoti yangu yalikuwa yanacheza wimbo ambao mimi siujui.

Langoni nikaambiwa kuna desturi ya bakshishi. Mfukoni nilikuwa na nauli ya matatu na punje za njugu. Kijana wa mayai amesimama, ananitazama kwa adabu. Nikavua jaketi nikampa. Akaivaa. Ikamkaa kuliko ilivyowahi kunikaa mimi.

Jana nimeleta picha hapa kioski. Watu wakaipitisha mkono kwa mkono. Kwenye picha nimefunika uso kwa kitambaa, miwani myeusi, kofia hadi kwenye nyusi. Mama Kevo akaishika muda mrefu.

“Jaketi iko wapi?”

“Nilimpa mpagazi.”

“Basi huyu ndiye mpagazi.”

Nimejaribu kueleza, jirani, wapi. Kioski kizima kimeshakata shauri: jaketi imepanda Lenana, hilo halina ubishi, kitiketi cha zipu kinaonekana. Kuhusu aliyekuwa ndani yake, uchunguzi bado unaendelea.