Bilauri ya Mtoto wa Muuza Maziwa

Aibu niliyoipata Jumanne mbele ya walimu tarajali wangu, hapa Bariadi, ingali mbichi, hata nikisikia watu wakicheka barazani mwa chuo nageuza njia kama mwenye deni.

Nilikuwa nikisomesha saikolojia, na katika saikolojia sina nikipendacho kuliko habari za Jean Piaget, yule mwanachuoni wa Uswisi aliyepata udaktari wake mwaka 1918 kwa kuchunguza konokono, kisha, alipopewa kazi Paris ya kuwapima watoto akili, akavutiwa na majibu yao ya makosa kuliko ya sawa. Jaribio lake mashuhuri halina gharama: mtoto huonyeshwa bilauri mbili zilizotiwa maji kwa kiasi kimoja, naye akishakiri usawa, maji ya moja humiminwa katika bilauri nyembamba iliyo ndefu, akaulizwa tena. Aliye chini ya miaka 7 hivi, kwa kauli ya Piaget, hutazama kimo akasahau upana, akasema kwamba ya bilauri ndefu yamezidi. Na kila nilisomapo hayo mwili hunisisimka, maana ni ajabu ya Mola kwamba sote tuliwahi kuishi katika dunia ambamo maji huongezeka kwa kuhamishwa chombo.

Basi nikamwazima binti wa miaka 5 wa mama auzaye maziwa karibu na lango letu, na kwa kuwa Usukumani si adabu kusomesha kwa maji ilhali ng'ombe wapo, nikanunua maziwa. Binti akakiri usawa. Nikamimina taratibu, kwa madaha ya mtu ambaye hoja yake i mkononi, nikawakonyeza wanachuo, nikauliza: "Haya, mama, maziwa mengi yako wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Ni yale yale, Mwalimu. Ila mengine umeyaacha humu." Akaichukua bilauri niliyomiminia, akaiinamisha juu ya ile ndefu, akaigonga kitako mpaka tone la mwisho likadondoka, kama afanyavyo mama yake mteja akimkodolea macho, kisha akayanywa yote, ushahidi na pingamizi pamoja.

Kicheko hakikuniuma kama swali la mwanachuo mmoja: katika mtihani, aandike aliyoyasoma au aliyoyaona? Nikamwambia aandike aliyoyasoma, kwa kuwa msahihishaji hamjui yule binti. Tangu 1969 watafiti walikwisha kuandika kwamba watoto wa wafinyanzi wa Mexico huwahi kuutambua usawa wa udongo kuliko wenzao. Lakini sisi twakaririshwa hatua 4 za Piaget za ukuaji wa akili kana kwamba watoto wa Maswa na Meatu, wachungao mbuzi na kuwahesabu kila magharibi, hawajazaliwa. Vijana hutoka vyuoni na vyeti, wakaingia madarasani wakiwa na yakini ya yale asiyoyajua mtoto, wala hawana hamu ya kumwuliza anajua nini.

Mikasa mingine ya kazi hii ni midogo. Harusini, jirani yangu aliposikia kwamba nasomesha mambo ya nafsi, alihama meza. Na mzee mmoja kutoka Itilima aliniletea kifaranga nikipasue nimsomee mambo yake, kama wafanyavyo wafumu. Nilipomweleza kwamba elimu yangu haifiki huko, akaniuliza kwa upole serikali hunilipa mshahara kwa kazi gani.