Fomu ya Klabu ya Gofu

Shemeji yangu anaamini kwamba hapa Nairobi mtu asiye na klabu ya gofu hafiki popote. Zabuni, anasema, hazigawiwi ofisini. Hugawiwa kwenye shimo la 19, yaani baa, maana uwanja wenyewe una mashimo 18. Basi akaniletea fomu ya klabu yake, sehemu ya mpendekezaji ameshaijaza.

Fomu haina neno. Balaa liko kwenye karatasi iliyobanwa nyuma yake. Kiingilio ni laki kadhaa, na hakirudishwi hata ukifa kesho yake. Kuna ada ya mwaka, ucheze usicheze. Kuna kiwango cha chini cha kutumia mkahawani, kwa hiyo usipokula utalipia njaa yako. Hapo hujanunua viatu, wala glavu, ambayo huuzwa ya mkono mmoja. Kanuni zinakuruhusu kubeba fimbo 14. Babu yangu alichunga ng'ombe maisha yake yote kwa fimbo moja.

Mke wangu alichukua kalamu, akagawanya. "Kwa hizo Jumamosi chache unazopata," akasema, "kila mchezo ni mbuzi mzima. Na mbuzi tungemla."

Shemeji akanialika nikajionee. Mlangoni nikazuiwa kwa sababu fulana yangu haikuwa na kola. Kwa bahati, zenye kola zilikuwa zikiuzwa hatua chache kutoka hapo, na nembo ya klabu kifuani.

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Mpira wangu wa kwanza, niliopewa na shemeji, ulilikwepa kwa heshima zote ukaingia mtoni. "Pole, mzee," akasema kedi, mbeba fimbo wetu, akanyoosha mkono kwenye mfuko kutafuta mwingine. Kule Jinja, Uganda, palikuwa na kanuni kwamba mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Mimi sikuwa na kiboko wa kumsingizia.

Mbele kidogo, kijana mmoja alitupenyezea mkono kwenye seng'enge, kiganjani ana mipira iliyooshwa. Nikachagua mmoja. Ulikuwa bado na maji, na herufi za jina la shemeji kwa kalamu ya buluu. Nikaulipia kimyakimya.

Shemeji alipojitenga kupokea simu, kedi aliazima fimbo, akapiga bila hata kujipanga. Mpira ukatua karibu na bendera. Nikamuuliza hucheza lini. "Jumatatu tu, mzee. Siku nyingine ni za wanachama."

Baani nako nilikaa hadi magharibi nikingojea zabuni. Nilisikia habari za magoti, za bei ya saruji, na za mwanachama aliyetumbukiza mpira kwa pigo moja akalazimika, kwa desturi ya mchezo, kuwanunulia wote vinywaji. Yaani hata kushinda kuna bili.

Gofu ipo Nairobi tangu 1906 na itaendelea kuwepo bila mimi. Akinialika tena nitakwenda, kola ninayo. Kujiunga sijiungi. Fomu ipo mezani, safi, imejazwa nusu. Anayeitaka aje aichukue, ila asimwambie shemeji.