Aliye Juu ya Ndoo

Saa mbili usiku, katika nyumba moja ya kupanga Magomeni, taa ya chumbani kwa Ali ilizimika. Alichungulia ukumbini. Vyumba vya wenzake vilikuwa vinawaka, kwa hiyo akajua umeme haujakatika, ni glopu imeungua. Stuli ilikuwa imevunjika mguu tangu Idi. Akapindua ndoo ya lita 20, akapanda, akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono mpaka bega likalia. Kati ya kidole chake na glopu palibaki nafasi ambayo popo angepita bila kukunja bawa.

Akamwita Paulo, mpangaji wa chumba cha pili. Paulo alikuja anatafuna mhogo wa kukaanga. Hakupanda popote. Aliinua mkono kama mtu anayechuma embe la tawi la chini, akaanza kuizungusha glopu, huku Ali akiwa bado juu ya ndoo anammulikia kwa simu.

Mtu mwingine angeshukuru, yakaisha. Tatizo la Ali ni kwamba amesoma madrasa na anajua maana ya jina lake. Ali ni aliye juu, aliyetukuka. Shina lake ni lile lile la neno “taala” tunalolitamka kila tunapomtaja Mwenyezi Mungu. Paulo, kwa upande wake, limetoka kwenye Kilatini, Paulus, yaani mdogo. Basi usiku ule Aliye Juu alikuwa amepanda ndoo, anamshikia taa Mdogo.

Aibu hii si ya jana. Alipokuwa na miaka minane, mwalimu wa madrasa aliwafundisha watoto maana za majina yao, mmoja mmoja. Alipofika kwake alisema, “Ali, aliye juu,” kisha akashusha macho kumtafuta alipo. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, mtu wa huruma, akawahi kueleza kwamba ujuu huo ni wa daraja, si wa miguu. Alikuwa amechelewa. Kufikia swala ya alasiri mtoto alishakuwa Ali Ghorofa, na kijiweni anaitwa hivyo mpaka leo.

Kinachomuuma zaidi ni kuona warefu wa kweli wanavyopita na majina yasiyowahusu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam ana mita 2.21, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, akaenda Memphis Grizzlies. Hashim ni mvunja mkate: ndilo jina la sifa alilopewa babu mkuu wa Mtume kwa kuwavunjia mahujaji mikate kwenye mchuzi pale Makka. Thabit ni imara. Urefu haumo hata herufi moja. Nchini China kuna ukoo mkubwa unaoitwa Gao, na herufi yake maana yake ni -refu, -a juu. Lakini mchezaji wa mita 2.29 aliyetoka huko, Yao Ming, si wa ukoo huo, na Ming ni mwanga. Glopu, kwa maneno mengine.

Wapo pia waliopewa ukubwa kwa bahati mbaya, kama Magnus. Masimulizi ya kale ya wafalme wa Norway yanaeleza kwamba, karibu mwaka 1024, mfalme Olaf Haraldsson alipata mtoto usiku, dhaifu, na padri akahofia atakufa kabla ya kubatizwa. Mfalme alikuwa amelala, na ilikuwa marufuku kumwamsha. Mshairi wake, Sigvat, akajitwika jukumu la kumpa mtoto jina: Magnus. Asubuhi mfalme akawaka, kwani katika ukoo wao hapakuwa na mtu wa jina hilo. Sigvat akajitetea kwamba amemtunuku mtoto jina la mtu bora kuliko wote duniani, Karla-Magnus. Huyo ni Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, na hilo “Magnus” halikuwa jina lake hata kidogo. Ni Kilatini cha “mkuu”, sifa iliyobandikwa nyuma. Ni kama kumbatiza mtoto Mheshimiwa. Lakini jina likashika. Mtoto akapona, akawa mfalme wa Norway mwaka 1035 na wa Denmark mwaka 1042, na Wanorwei wanaitana Magnus hadi leo, akiwemo Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji kuanzia 2013 hadi 2023, mchezo ambao urefu hausaidii kitu. Ali huisimulia habari hii kwa furaha, hasa akifika mahali pa kutaja baba yake huyo Karolo Mkuu: historia inamwita Pepin Mfupi.

Vitabu vingine navyo huzidisha chumvi. Mfalme wa India aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605 huitwa Akbar Mkuu, wakati Akbar peke yake ni mkubwa zaidi. Ni sawa na kusema Sheikh Mzee. Kwa Wakikuyu, Munene ni mkubwa, mwenye madaraka. Lakini Munene mwembamba kama ufito akijitambulisha Kariakoo, watu humtazama tumbo kwanza.

Na wa kusikitisha kuliko wote ni kuhani Eli wa Biblia. Jina lake huhusishwa na kupanda juu, na shina lake la Kiebrania ni ndugu wa shina la Ali. Alikufa akiwa na miaka 98, kwa kuanguka kutoka kitini.

Ali alilikumbuka hilo pale pale juu ya ndoo, akashuka taratibu.

Glopu mpya ikafungwa. Haikuwaka. Paulo akaifungua, akaitikisa sikioni, akaifunga tena. Giza. Akalamba chumvi ya mhogo vidoleni, akauliza kwa upole, “Kaka, uniti unazo?”

Kila chumba pale kina mita yake ya LUKU, na fundi aliyezifunga, pengine ndugu wa ukoo wa Gao, aliziweka karibu na dari. Ali akaiburuta ndoo mpaka ukumbini, akapanda, akaona sehemu ya chini ya boksi. Paulo akasoma kwa ajili yake: sifuri.

Wakanunua umeme kwa simu. Ali akaanza kusoma tarakimu 20, nne nne, na Paulo akazibonyeza huko juu. Kwenye ya kumi na tatu wakakosea, wakaanza upya.